Barua ya wazi: cheti cha miaka 5 hakina maana bila sampuli inayosomeka

Kwa: Wakuu wa afya ya wanyama katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, madaktari wakuu wa mifugo wa majimbo, na wakurugenzi wa wanyamapori wa majimbo

YAH: UDHIBITI WA UGONJWA WA KUKONDA KWA KULUNGU WA KUFUGWA

Waheshimiwa,

Ushahidi wote kwamba kundi la kulungu ni salama unabebwa na vipande 3 vya nyama: kipande cha shina la ubongo kiitwacho obeksi, na tezi 2 za limfu zilizo nyuma ya koo. Vyote vinaenea kwenye kiganja. Vikikatwa vizuri na kufika maabara vikiwa havijaharibika, mnapata jibu. Vikioza, vikikosekana, au mkataji akitoa tezi ya mate akidhani ni ya limfu, mnabaki na karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayompandisha mnyama kwenye lori na kumvusha mpaka wa jimbo. Barua hii inahusu jambo hilo hasa, na mengine yanayolizunguka.

Kwa faida ya wengine watakaoisoma: ugonjwa wa kukonda, ambao wengi wanaujua kwa herufi CWD, huletwa na prioni, yaani protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya na ambayo huikunja kila protini nzima inayokutana nayo. Hauna chanjo wala tiba. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti huko Colorado, ukatambuliwa mwaka 1978 kuwa ni wa jamii moja na skrepi, ugonjwa wa ubongo wa kondoo. Mwaka 1996 ulikutwa kwa elki, yaani kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, wa kufugwa Saskatchewan, Kanada, na kufikia 2001 ulikuwa umeshaingia Korea Kusini pamoja na elki walioagizwa kutoka Kanada. Mnyama aliyeambukizwa huweza kukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi akila, akinenepa na kuota pembe kama wenzake, huku akimwaga prioni kwa mate, mkojo na kinyesi. Dalili zikijitokeza, kama kukonda, kuinamisha kichwa, masikio kulegea, udenda, na kunywa maji bila kukata kiu, siku zake zimekaribia kwisha. Hadi sasa hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa kula nyama yake, ila ushauri wa wataalamu wa afya ya jamii ni kwamba mnyama aliyekutwa na ugonjwa asiliwe.

Mpango wa kitaifa wa kuthibitisha makundi, ambao kanuni zake zilianza kutumika mwaka 2012, unamtaka mfugaji aliyejiunga atoe taarifa ya kila kifo cha mnyama wa miezi 12 na zaidi, awe amefia zizini, amechinjwa, au amepigwa risasi kwenye shamba la uwindaji, na mnyama huyo apimwe. Miaka 5 ikipita bila ugonjwa kuonekana, kundi hupata cheti. Hatuna ugomvi na miaka 5. Ugomvi wetu ni na hilo neno "kuonekana", kwa sababu ugonjwa hauonekani kwa mtu asiyetazama pale ulipo.

Tuanze na mzoga. Wakati wa joto, ubongo huharibika mapema sana. Kulungu aliyekufa Ijumaa usiku mwezi wa Julai na kuokotwa Jumatatu asubuhi, obeksi yake hutoka kama uji. Tezi za limfu hustahimili zaidi kidogo, kwa hiyo zitolewe hata pale ambapo ubongo umeshakwenda. Wengi wanaona uji, wanakata tamaa, wanaacha vyote. Kichwa kitengwe na shingo kwa kisu, kwenye kiungo cha fuvu na pingili ya kwanza, kikiwa kimekunjwa ili kiungo kifunguke. Anayetumia msumeno hapo kwa haraka zake huipasua obeksi yenyewe. Risasi ya kichwa nayo humaliza kila kitu, na bado kuna mashamba ambako ndiyo njia ya kawaida ya kumuua mnyama mgonjwa.

Obeksi ni pale ambapo mfereji wa katikati ya uti wa mgongo unafunguka na kuchora herufi V kwenye upande wa juu wa shina la ubongo. Hutolewa kwa kijiko chembamba kupitia tundu la nyuma la fuvu, baada ya kukata neva zinazoishikilia pembeni. Sampuli lazima iwe na hiyo V nzima, pande zote mbili, kwa kuwa kiini cha neva ya vagasi kilicho hapo ndiko prioni hujitokeza kwanza ndani ya ubongo. Ukikata sentimita chache nyuma yake umechukua uti wa mgongo, na ukikata mbele sana umechukua sehemu ambayo ugonjwa huifikia baadaye. Katika hali zote mbili chupa ina nyama, fomu imejazwa, na mfugaji anaamini ametimiza wajibu.

Tezi za limfu ziko juu na nyuma ya koromeo, moja kila upande, karibu na kitako cha fuvu. Zina umbo la haragwe kubwa, ngozi yake nyororo, na ukizipasua ndani ni laini sawasawa. Tezi ya mate iliyo jirani ina vinundu vilivyobanana kama kishada. Ukiwa umeziona zote mbili kwenye meza hutazichanganya tena. Ukiwa umefundishwa kwa picha tu, utazichanganya. Kwa kulungu mkia-mweupe kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana kwake prioni hukaa kwenye tezi hizi kwa miezi kabla ya kupanda ubongoni. Elki ni tofauti: wapo ambao obeksi huonyesha ugonjwa na tezi hazionyeshi kitu. Kwa hiyo kanuni inayomruhusu mtu kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili, kwa mnyama yeyote, ni kanuni mbovu.

Baada ya kukata, sehemu ya tishu iingie kwenye fomalini, yaani dawa ya kuhifadhia tishu, ya 10% yenye bafa, ujazo wa fomalini uwe mara 10 ya ujazo wa tishu. Chupa iliyoshindiliwa nyama na kumwagiwa fomalini kidogo juu huoza katikati huku nje ikionekana imekakamaa vizuri. Sehemu hii isigandishwe, kwa sababu fuwele za barafu hupasua seli na msomaji wa darubini anabaki kukisia. Sehemu ya pili ibaki bila fomalini na igandishwe kwa ajili ya vipimo vingine, kikiwemo RT-QuIC kinachokuza chembe kidogo za prioni hadi zikaonekana. Sikio lenye hereni ya utambulisho liende pamoja na sampuli, na ngozi yake, ili ubishi ukizuka DNA ya sikio ilinganishwe na ya tezi. Na ubishi huzuka, hasa jibu likiwa baya.

Maabara hutoa majibu ya aina 3. Imeonekana, haikuonekana, na lile la tatu ambalo halipendwi kusomwa kwa sauti: tishu imeoza, siyo tishu iliyotakiwa, au folikeli za limfu, yaani vifundo vidogo vya seli ambamo prioni hutafutwa, hazitoshi. Ombi letu la kwanza ni kwamba jibu la tatu lihesabiwe sawasawa na mzoga ambao haukupimwa. Fomu iliyofika maabara isimpe mtu alama.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme kundi lina maambukizo ya 5% na kila mwaka wanakufa wakubwa 10. Hata kama kipimo hakikosei kabisa, uwezekano wa wote 10 kutoka safi ni karibu 60%. Sampuli 4 zikiharibika zikabaki 6, uwezekano unapanda hadi karibu 74%. Zidisha kwa miaka 5: mwenye sampuli 50 zinazosomeka ana nafasi ya karibu 8% ya kupewa cheti akiwa na ugonjwa zizini, mwenye sampuli 30 ana karibu 21%. Yaani katika makundi 5 ya namna hiyo, moja linapata cheti likiwa gonjwa, na mwenyewe hakudanganya popote. Kweli, ugonjwa hautatulia kwenye 5% miaka yote hiyo, utapanda na kuonekana kwa urahisi zaidi. Lakini wanyama nao wanaendelea kuhamishwa ndani ya jimbo wakati unapanda.

Tunapendekeza hivi. Kila mwaka wa kundi uandikiwe namba 3 kando kwa kando: wakubwa waliokufa, sampuli zilizopelekwa, sampuli zilizosomeka. Mwaka ambao zilizosomeka hazijafika 90% ya vifo usiingie kwenye ile miaka 5. Mfugaji apewe njia ya kuuokoa mwaka huo kwa kupima wanyama hai: kipande kidogo cha utando wa puru, pale karibu na tundu la haja kubwa penye folikeli za limfu, hukatwa mnyama akiwa amebanwa kwenye kibano na kutiwa ganzi. Kwa kila mzoga uliopotea wapimwe hai wasiopungua 3, kwa sababu kipimo hiki ni dhaifu kuliko cha mzoga. Humkosa mnyama aliyeambukizwa karibuni, wanyama wazee wana folikeli chache, na ukirudia kukata sehemu ile ile folikeli zinapungua. Kinafaa kulihoji kundi. Hakifai kumtangaza mnyama mmoja kuwa salama ili auzwe kesho, na hapo tunaomba msikubali kushawishiwa na wauzaji, wakiwemo wenzetu.

Lakini msimkamie mfugaji kwa sampuli mbovu kama hamjampa namna ya kupata nzuri. Friji ya kupokelea vichwa iwe wazi Jumamosi na Jumapili. Anayekata sampuli apewe leseni baada ya kukata vichwa 5 mbele ya mkufunzi, na leseni ifutwe sampuli zake zikiendelea kurudi na jibu la tatu. Vifaa, yaani chupa, fomalini, kijiko, glavu na mifuko, vitolewe bure. Gharama yake haifiki popote karibu na gharama ya kuteketeza kundi moja.

Uzio. Futi 8, yaani mita 2.4, zinamzuia kulungu kuruka. Hazimzuii wa ndani na wa porini kugusana pua kwenye waya, na dume wakati wa msimu wa kupandana huusimamia uzio siku nzima akilambana na kupigana na wa upande wa pili. Uzio wa pili, mita 3 kutoka wa kwanza, unamaliza mguso huo. Tunajua ni ghali, kwa hiyo tunaomba uanze kwa lazima katika kaunti ambako ugonjwa umeshakutwa porini, na kwa makundi yanayouza wanyama hai. Anayefuga kwa nyama na haingizi wala hauzi anaweza kusubiri. Wakati huo huo kuna mambo ya bei nafuu ambayo wakaguzi wenu hawayaangalii: nyasi kavu na nafaka zinazomwagika karibu na waya na kuwaita wa porini, mifereji inayopita chini ya uzio na kuchimbwa na mvua, theluji inayojilundika hadi mita 2.4 zikabaki 1.5, mti ulioanguka tangu dhoruba iliyopita. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka, tena siku iliyotangazwa, utakuta uzio mzuri daima.

Sasa kundi likikutwa na ugonjwa. Hapa ucheleweshaji una rekodi yake. Huko kaunti ya Portage, Wisconsin, ugonjwa ulikutwa kwenye shamba moja mwaka 2002. Kundi lilipomalizwa mwaka 2006, kulungu 60 kati ya 76 walikuwa nao. Huko Iowa, kundi lililowekwa karantini mwaka 2012 lilichinjwa mwaka 2014, na 284 kati ya 356 wakakutwa nao. Ni karibu 80% katika sehemu zote mbili. Karantini huzuia wanyama kutoka, lakini ndani ya uzio ugonjwa unaendelea na kazi yake kwenye hori lile lile, kila siku ardhi ikipokea zaidi. Tunaomba muda kati ya jibu la kuthibitisha na kuteketeza kundi uandikwe kwa siku, tunapendekeza 60, na kesi za mahakamani zishughulikie kiasi cha fidia, zisishughulikie kama wanyama waendelee kuishi.

Fidia ndiyo kiini cha ucheleweshaji huo. Kanuni ya serikali kuu inalipa 95% ya thamani iliyokadiriwa, lakini isizidi dola 3,000 kwa mnyama. Kwa jike wa kawaida inatosha. Kwa dume wa mbegu mwenye pembe zinazotafutwa na kila mwenye shamba la uwindaji, dola 3,000 ni sehemu ndogo ya bei. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Kwa fidia ilivyopangwa leo, anayeumbuka ni yule aliyetoa taarifa. Hatuombi kiwango kiongezwe kwa wote. Tunaomba kiongezwe kwa mwenye rekodi ya sampuli zinazosomeka kwa 90% na zaidi, na kishuke kwa mwenye vifo visivyo na maelezo. Hapo mfugaji atakuwa na sababu ya kifedha ya kukimbiza kichwa kwenye friji Jumamosi usiku.

Ardhi tunaizungumzia mwisho mwisho, ingawa ndiyo itakayokaa muda mrefu kuliko sisi sote. Majaribio yaliyofanyika Colorado yalionyesha kulungu wazima wakiambukizwa kwenye mazizi ambamo mizoga ilikuwa imeozea karibu miaka 2 nyuma, na kwenye mengine yaliyokuwa na kinyesi tu cha wagonjwa waliotolewa zaidi ya miaka 2 kabla. Prioni hushikamana na udongo wa mfinyanzi, na zikiwa zimeshikamana hivyo uwezo wake wa kuambukiza kwa njia ya mdomo huongezeka. Kwa hiyo msiruhusu kuingiza kulungu wapya kwenye shamba lililomalizwa eti kwa sababu limechomwa nyasi na kulimwa. Uzio ubaki umesimama baada ya wanyama kuondoka, ukaguliwe, ukarabatiwe, na ijulikane kwa maandishi nani anaulipia. Uzio ulioachwa ukaanguka unamkaribisha kulungu wa porini kwenye malisho mazuri yasiyo na mshindani.

Mizoga yenye ugonjwa iteketezwe kwenye tanuri la joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi au iyeyushwe kwa magadi makali chini ya joto na shinikizo. Moto wa kuni uwanjani hauaminiki. Majivu ya nyuzi 600 yamewahi kukutwa bado yana uambukizo. Visu, meza na ndoana vinaweza kusafishwa: osha na kusugua hadi kusiwe na damu wala mafuta, kisha loweka dakika 5 kwenye mchanganyiko wa sehemu 2 za dawa ya kupaushia nguo na sehemu 3 za maji. Dawa iwe mpya, kwani klorini hupotea chupa ikikaa. Inafanya kazi juu ya chuma tu, haipenyi ndani ya kipande cha nyama kilichonasa kwenye mpini, na mpini wa mbao utupwe. Fomalini, spiriti na mionzi haviui prioni. Tunalirudia hili kwa sababu bado tunaona miongozo ya usafi iliyonakiliwa kutoka magonjwa ya bakteria.

Kuna jambo la jeni, ambalo kwa sasa linauzwa kama dawa. Kwa kulungu mkia-mweupe, mahali namba 96 kwenye jeni ya prioni pana uzito: wenye asidi-amino iitwayo glisini kwenye nakala zote mbili za jeni, ya baba na ya mama, huambukizwa kwa urahisi na kuugua haraka, wenye nyingine iitwayo serini huchelewa. Kwa elki ni namba 132. Kuchagua madume kwa kigezo hiki ni kazi nzuri na tunaiunga mkono. Lakini kuchelewa siyo kinga. Mnyama anayeugua polepole anaweza kuishi muda mrefu akiwa nao, na kipimo cha utando wa puru humkosa zaidi kuliko wenzake. Msikubali cheti cha jeni kichukue nafasi ya sampuli ya mzoga, hata kwa mwaka mmoja wa majaribio.

Ufuatiliaji nao ni wa miaka 5 kurudi nyuma: kila mnyama aliyeingia na kila aliyetoka. Unawezekana pale tu ambapo kila mnyama ana alama 2 na namba zinaoana na daftari. Hereni hudondoka, hasa za madume, na rangi hufifia. Kanuni inataka kuhesabu kwa kumshika kila mnyama mara moja katika miaka 3. Kwa makundi yanayouza, fanyeni kila mwaka, siku ile ile ambayo wanabanwa kwa chanjo za magonjwa mengine.

Mengi katika haya yatahitaji bajeti au Bunge. Lile la kwanza halihitaji. Viwango vya mpango ni mwongozo tu. Mlivirekebisha mwaka 2019 na mnaweza kuvirekebisha tena. Fomu ya mwaka ya kundi tayari ina nafasi ya vifo na nafasi ya sampuli zilizopelekwa. Ongezeni safu ya tatu, ya zilizosomeka, ijazwe na maabara badala ya mfugaji, na ianze na vifo vya mwezi ujao.

Wenu,
Madaktari wa mifugo na wafugaji wa kulungu